Rejeta Upande wa Demani

Volkswagen ya ami yangu ilikuwa imeliwa na chumvi mpaka ukikaa kiti cha nyuma waiona barabara ikipita chini ya miguu. Miaka mingi ililala nje, hatua chache kutoka ufuoni Likoni, na mwambao hauna huruma na bati. Hata hivyo, alipokuja muuza skrepu kutaka kuinunua kwa kilo, ami alimkaribisha barazani, akamnywesha kahawa, kisha akamwambia gari haliuzwi. Jioni ile akaniita.

"Wewe si fundi? Basi nitengenezee kitu cha kwenda mchangani."

Alikuwa na shamba dogo la minazi upande wa Mambrui, kaskazini ya Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Barabara yakufikisha mpaka mahali fulani, kisha ni mchanga mtupu na matuta, na kila gari alilokodi lilimwacha njiani akamalizia kwa miguu. Magoti yake hayakuwa tena ya kazi hiyo. Alikuwa ameendesha mashua maisha yake yote, na mimi ndiye niliyebaki karibu naye baada ya baba kufariki. Sikuwa na njia ya kumkatalia, wala sikutaka.

Ilikuwa mwaka 2012, kusi, ule upepo wa kusini, kimeshika kweli kweli. Nilikuwa na miaka mitatu kwenye gereji moja ya Changamwe, na mwenye gereji alinipa kona ya nyuma niitumie Jumapili.

Wazo la bagi, gari jepesi la kwenda mchangani, si geni. Mmarekani aitwaye Bruce Meyers alilitengeneza la kwake California mwaka 1964: alichukua vyombo vya Volkswagen akavivika bodi nyepesi ya faiba. Hakuichagua Volkswagen kwa bahati. Injini iko nyuma, kwa hiyo uzito wayakandamiza magurudumu yanayosukuma, na pua yabaki nyepesi ipate kuelea juu ya mchanga. Tena injini ile yapozwa na upepo, haina maji hata tone. Lakini ya ami ilikuwa imekufa, na kuifufua kungekula pesa kuliko gari lenyewe lilivyokuwa na thamani. Kwenye skrepu nikapata injini ya Subaru ya lita 1.8. Silinda zake zimelala ubavuni kama za Volkswagen, na ukiichongea sahani ya chuma ya kuiunganisha na giaboksi, yakaa mahali pa ile ya zamani. Tofauti ni kwamba hii yapozwa kwa maji. Na gari lililozaliwa bila rejeta halina mahali pa rejeta.

Kwa wiki mbili nilikuwa nalala nikifikiria jambo hilo moja. Bagi lenyewe lilikuwa limekwisha kuwa kizimba cha paipu za chuma juu ya sakafu ya Volkswagen, viti viwili, injini nyuma. Nilikuwa na rejeta ya alumini na feni yake, nikiibeba kutoka kona hii hadi kona ile, nikiifunga kwa kamba, nikirudi nyuma kuitazama.

Puani ndiko magari mengi yanakoweka, na sababu yaeleweka: hapo upepo ni mbichi. Lakini maji yangelazimika kusafiri karibu mita tatu kwenda na tatu kurudi, paipu za moto zipite pembeni ya miguu ya mzee wangu, na kila futi ya paipu ni mahali pengine pa hewa kujificha. Tena uzito wa rejeta na maji yake ungeishusha pua ile ile tuliyoitaka nyepesi. Juu ya vichwa, kwenye paa la kizimba? Upepo upo, lakini sikuweza kumketisha ami chini ya maji yanayokaribia kuchemka. Ubavuni ingegongwa na kila kichaka cha miiba.

Nikaichagua nyuma ya viti, wima, kati ya migongo yetu na injini. Mipira ya maji ikawa mifupi, rejeta ikakingwa na mawe, na gari zima likapendeza machoni. Nilichora kwa chaki, kijana wa kuchomelea akaweka mabano, nikakata raba za tairi kuu kuu nikazitandika chini yake isitikiswe ikapasuka. Nilifurahi sana siku ile. Nilimpigia ami simu nikamwambia imekwisha.

Tulilijaribu kwenye kiwanja cha murramu, Miritini. Tuliliwasha likiwa limesimama, nusu saa nzima, feni ikiingia na kutoka kama inavyotakiwa, mshale wa geji ukatulia katikati. Nikaingia giani. Nilipofika kama kilomita sitini kwa saa mshale ukaanza kupanda. Nikaongeza mwendo, nikidhani upepo utasaidia, ukapanda zaidi. Nikasimama, na hapo kwenye kusimama ukashuka.

Hakuna aliyewahi kuona gari la namna ile. Gari huchemka likikwama, kwenye foleni ya feri pale Likoni mchana wa jua, na hupoa likitembea. Letu lilikuwa kinyume. Kila mtu gerejini akawa na neno lake. Mmoja alisema nitoe thamostati, kile kizibo kinachofungua njia ya maji yakishapata moto, nitupe, jambo ambalo mafundi wengi hulikimbilia na mimi silipendi, kwani injini isiyofika joto lake huchakaa mapema. Mwingine alisema gasketi ya hedi. Nilibadilisha kifuniko cha rejeta. Nilitoa hewa mara tatu. Hata mipira ya hita niliitazama upya, kwa sababu Subaru hizi thamostati yake iko upande wa maji yanayorudi, na ukiziba njia ya hita bila kuizungusha, thamostati haipati maji moto ya kuifungua kwa wakati. Lakini hiyo nilikuwa nimeiunganisha sawasawa.

Jaribio la pili ndilo lililoniacha na alama kwenye bega la kushoto. Sikuwa nimeinua ukingo kwenye ncha ya paipu ili mpira ushike. Nilitegemea klipu peke yake. Kifuniko cha rejeta huyabana maji yasichemke mpaka yafike kama digrii 118, na hiyo ni faida kubwa, ila mpira ukichomoka maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Ulichomoka nyuma ya shingo yangu. Nakumbuka sauti kwanza, kisha weupe, kisha niko chini kwenye murramu na kijana wa kuchomelea ananimwagia dumu la maji, hakuacha mpaka lilipokwisha, akaenda akaleta jingine. Namshukuru mpaka leo. Kilichoniumiza zaidi ya bega ni kujua kwamba kiti cha pili kilikuwa cha ami, na kwamba Jumapili iliyofuata ndiye ambaye angekaa pale.

Ami alikuja kuniona kesho yake na mahamri na mbaazi ndani ya kikapu. Alilitazama bega, akanyamaza. Akalitazama bagi kwa muda mrefu zaidi.

"Nieleza tena. Likisimama latulia?"

"Latulia, ami."

"Likenda mbio lachemka?"

"Ndiyo."

"Una uzi?"

Sikuwa nao. Akamtuma mtoto dukani kununua uzi wa sufu, ule wa kusukia nywele, ulikuwa mwekundu. Akaukata vipande vya urefu wa kiganja na akaanza kuvifunga mwenyewe: kwenye paipu za mbele, za juu ya vichwa, nyuma ya viti, kwenye rejeta yenyewe, mpaka bagi likawa kama limevalishwa kwa maulidi. Alinieleza akiendelea kufunga. Kwenye mashua, usiku usiouona mwezi wala tanga, kitambaa chepesi kwenye kamba ndicho kinachokwambia upepo waja wapi. Usiulize uso wako, akasema, uso wadanganywa na kila kitu kilicho karibu nao.

Kijana wa kuchomelea aliendesha, mwendo wa kadiri, maji yakiwa bado baridi. Mimi na ami tulipanda pikapu ya gereji, tukaenda nalo sambamba. Nyuzi za mbele zililala nyuma, zimenyooka. Za juu ya paa vilevile. Lakini zile za nyuma ya viti, mbele ya rejeta, zilikuwa zikicheza na kujikunja, na nyingi zilielekea mbele. Zilielekea kwenye shingo ya dereva.

Ami akanigusa mkono.

"Mwanangu, umeitia demanini."

Asiyezoea vyombo vya tanga aelewe hivi: joshi ni upande unaopigwa na upepo, demani ni upande uliokingwa. Viti vyetu, migongo yetu na kile kioo kidogo cha mbele vilikuwa vimeupasua upepo, na nyuma yake pakabaki shimo. Upepo ukifika ukingo wa shimo haurudi chini kwa upole. Hujipinda na kuingia kwa nyuma, na kwa nyuma kulikuwa na injini. Kwa hiyo feni yangu ilikuwa ikivuta hewa kwenda nyuma, na mwendo ukiirudisha mbele ikiwa imeshapitia injini ya moto. Gari likisimama feni hufanya kazi yake bila mpinzani. Kadiri tulivyokwenda mbio ndivyo tulivyoipa mpinzani mwenye nguvu. Wiki zote zile nilikuwa nikitafuta ugonjwa ndani ya injini, na injini ilikuwa nzima.

Tuliikata rejeta kutoka mahali pake siku ile ile. Nilisimamisha ufito nyuma ya viti nikaufunga nyuzi kila sentimita kumi kwenda juu, tukalipeleka tena, na ami akahesabu kwa kidole. Ya kwanza kunyooka bila kutetemeka ilikuwa kiganja kimoja juu ya paa la kizimba. Hapo nikatia chaki. Rejeta ikapanda juu ya giaboksi, ikalazwa kwa mshazari, ukingo wake wa juu ukafika kwenye chaki. Nikakunja bati likawa mdomo wa kuupokea ule upepo msafi na kuuteremsha kwenye rejeta, pembeni nikaziba kwa raba, kwani hewa ikipata pengo la kupita haipiti tena katikati ya mapezi membamba. Feni ikakaa chini yake ikivuta kuelekea nyuma, upande ule ule upepo unaotaka kwenda. Kona moja niliiinua kidogo kuliko nyingine, na hapo ndipo nilipoweka tundu la kutolea hewa, pawe ndipo mahali pa juu kabisa katika njia yote ya maji. Kila ncha ya paipu niliitia ukingo. Na kati ya viti na mipira nikasimamisha bati zima, kutoka sakafuni hadi mabegani. Halikupendeza kama lile la kwanza. Kutoka nyuma lilikuwa na kibyongo. Nalipenda hivyo hivyo.

Kiwanjani Miritini halikupanda tena juu ya katikati, kasi yoyote tuliyolipa.

Mambrui tulilipeleka juu ya lori, Agosti, tukalishusha mahali barabara inapokwisha. Ami alivaa kikoi kipya. Hatukwenda mbali tukaingia kwenye mchanga laini, gia ya pili, injini ikifanya kazi nzito, mwendo hauzidi kilomita ishirini, na nikaona mshale unapita katikati. Moyo wangu ulishuka. Nilianza kukumbuka kila nati niliyoikaza.

Ami hakuitazama geji. Alikuwa ameacha nyuzi tatu kwenye paipu ya juu, na alizielekeza kwa kidevu. Zilikuwa zimening'inia chini, zimekufa kama siku isiyo na upepo, na huku mawimbi upande wetu wa kulia yana povu na minazi yote imeinamia kaskazini.

"Kusi chaja kwa tezi, kwa nyuma yetu," akasema. "Twaenda nacho sawa sawa. Geuza."

Niligeuza pua kusini nikasimama. Nyuzi zikanyanyuka, zikalala nyuma, zikanyooka. Mshale ukashuka mpaka mahali pake kabla ami hajamaliza kukung'uta mchanga kwenye kikoi. Alinionyesha kwa mkono jinsi ya kwenda: nisiende moja kwa moja kaskazini na upepo mgongoni, niende kwa pembe, kidogo upande wa bahari, kidogo upande wa bara, kama chombo kinachopiga bisha, ili nyuzi zisipate kulala. Tukaenda hivyo. Tulipofika chini ya mnazi wa kwanza wa shamba lake alishuka mwenyewe, akashika kizimba, akageuka kuitazama njia tuliyokuja. Alama za tairi zilikuwa zinakwenda huku na huku juu ya matuta mpaka macho yanapokoma, na kusi kilikuwa kimeshaanza kuzifukia za mbali.