Siku Kadi ya Shangazi Ilipokataa

Shangazi yangu alilipanda basi namba 25 miaka mingi, akienda kufagia ofisi katikati ya London. Basi hilo linatoka Ilford, linashika Romford Road kupitia Manor Park na Forest Gate, linakwenda Stratford, Mile End, Whitechapel, mpaka kule kwenye mabenki. Aliyewahi kulipanda kabla ya alfajiri anajua linabeba watu gani: Waghana, Wabangladeshi, Wasomali, na sisi wa pwani, kila mtu na kifurushi chake cha chakula, wengine wamesinzia wamesimama. Wenye ofisi wakiingia asubuhi wanakuta sakafu inang'aa. Nauli ya safari zote hizo alijilipia mwenyewe, na kodi ikakatwa kwenye mshahara wake kila mwezi.

Alipofika umri wa pensheni akapewa Freedom Pass, kadi ya kusafiri bure ya wazee na watu wenye ulemavu wanaoishi London. Mpango huo ni wa tangu 1973, na wanaoulipia ni halmashauri 32 za jiji pamoja na ile ya City, eneo la mabenki katikati ya jiji. Kwenye basi unaigusisha tu kwenye mashine ya njano karibu na dereva, ikilia unaingia.

Kadi ilipofika kwa posta hakuitumia. Aliiweka kwenye kabati la vyombo, chini ya vikombe vya wageni, akaendelea kulipa nauli. Kila nikimuuliza ananijibu, "Mimi si wa kubebwa, baba."

Nilijua maneno hayo yanatoka wapi, maana nami nimekulia Tanga, Ngamiani. Bibi yetu, mama yake Shangazi, akienda kwa ndugu zake alikuwa anapanda basi. Siku moja konda alimwambia, "Bibi, ingia, leo hulipi," na abiria wote wakamsifu yule kijana kwa malezi mema. Bibi akamwombea dua mpaka kituo cha mwisho. Wiki ileile, konda mwingine alimwambia mbele za watu, "Bibi, nauli au shuka." Bibi alikuwa nayo, imefungwa kwenye ncha ya kanga, ilikuwa ni kuitafuta tu. Hisani ya konda leo ipo, kesho haipo, na hata ikiwepo lazima uipokee umeinamisha kichwa. Shangazi alikuwa binti mdogo, amemshika bibi mkono, akayaona yote mawili. Akaja Ulaya na moyo ule wa kutotaka kusamehewa nauli na mtu.

Kilichomlazimisha kuitoa kadi kabatini ni macho. Alikuwa na presha ya macho, glakoma, ugonjwa unaotupata sana sisi watu wenye asili ya Afrika na mara nyingi unatuanza mapema kuliko wengine. Haumi. Unakula uoni kutoka pembeni kuja katikati, polepole, na mwenyewe anaendelea kusoma gazeti bila kujua kuwa mtu aliyesimama begani pake hamwoni. Safari za kliniki zikaongezeka, na pensheni ya mfagiaji si pesa ya kuchezea. Akaanza kuitumia, mchana mchana, kimyakimya.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Oktoba 2022, Shangazi ana miadi saa mbili asubuhi Moorfields, hospitali ya macho iliyoko City Road. Nilimsindikiza. Treni hazipendi, ngazi za umeme zinamtia kizunguzungu kwa kuwa haoni kingo zake, kwa hiyo tulikubaliana twende na 25 mpaka Whitechapel, tubadilishe, tuchukue 205. Saa moja kasorobo tukawa kituoni Romford Road, giza bado, manyunyu. Basi likaja limeshiba. Nikapanda mbele ili nimpokee mkono, nikagusisha kadi yangu ya benki. Akafuata yeye, akagusisha ya kwake.

Mashine ikatoa ule mlio mwingine. Taa nyekundu.

Akagusisha tena. Nyekundu. Dereva, kwa sauti ya upole kabisa, akamwambia kadi ya wazee haifanyi kazi kabla ya saa tatu asubuhi siku za kazi. Na kweli, tangu Juni 2020, wakati wa korona, muda wa wazee ulikuwa umepunguzwa. Lilikuwa moja ya masharti ya serikali kuu kuipa mamlaka ya usafiri pesa za kujiokoa. Walisema ni kwa muda. Januari 2023 likawa jambo la kudumu. Dereva yule hakuwa na kosa, ila maneno yake yaliufikia umati mzima uliokuwa nyuma unangoja kwenye mvua. Pesa taslimu mabasi ya London hayapokei tangu 2014. Shangazi akawa amesimama pale na kadi mkononi, anageuza uso huku na huku kumtafuta aliye karibu naye, na aliye karibu naye alikuwa upande asiouona.

Kabla sijafanikiwa kurudi mbele kati ya watu, msichana mmoja aliyevaa sare ya wauguzi akapitisha mkono juu ya bega lake na kugusisha simu. Pauni moja na senti sitini na tano. "Ingia, mama," akamwambia kwa Kiingereza, akatabasamu. Mungu ambariki msichana yule popote alipo.

Shangazi alimshukuru. Alimshukuru mara nyingi kupita kiasi, na nilipomkalisha kiti cha mbele nikaona mikono inatetemeka. Hatukuongea Stratford yote. Tulipofika Mile End akasema, "Saa hizi hizi ndizo nilizokuwa nakwenda kuwafagilia." Halafu akanyamaza tena mpaka Whitechapel.

Ninayo hasira na saa ile ya tatu hadi leo. Aliyeipanga aliona wazee ni watu wa kutoka kwenda kutembea, wanaoweza kungoja jua lipande. Lakini kliniki zinaanza mapema, na wapo wazee wengi wa mtaani kwetu ambao bado wanafanya usafi na ulinzi kwa sababu pensheni haitoshi. Ni walewale wa basi la alfajiri.

Hospitalini walimfanyia kile kipimo cha kuweka kidevu kwenye kifaa, unatazama nukta moja katikati, vijinukta vya mwanga vinamulika pembeni, na kila ukikiona kimoja unabonyeza kitufe. Nilikaa nyuma yake nikiangalia. Kulikuwa na vipindi virefu ambavyo kitufe hakikulia kabisa.

Tukaingia kwa daktari. Akamuuliza anaendeleaje na kuona. Shangazi akajibu kama anavyojibu salamu: "Alhamdulillah, naona vizuri." Na ubaoni herufi alizisoma nyingi tu, kwa kuwa uoni wa katikati ulikuwa umebaki. Nikamwambia, "Shangazi, niruhusu niseme." Hakuitikia, hakukataa. Nikamweleza daktari kuhusu mlango wa kabati aliougonga na paji la uso, chai anayoimimina nje ya kikombe, baiskeli iliyomkosa kidogo nje ya msikiti. Daktari akageuza kompyuta, akamwonyesha ramani ya kile kipimo. Pembeni kote kweusi. Akamwambia kwamba kwa hali hii anastahili kuandikiwa cheti cha upungufu wa kuona, na kwa cheti hicho halmashauri itamsajili.

Shangazi akaitazama ile picha muda. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Huko kweusi ndiko alikokuwa yule binti?" Nikamwambia ndiyo.

Ni mama mmoja wa pale kliniki, kazi yake kuwasaidia wagonjwa kwa mambo ya nje ya dawa, aliyetufungua macho kuhusu kadi. Alitueleza kuwa Freedom Pass ziko mbili. Moja ni ya umri, ndiyo aliyokuwa nayo. Nyingine ni ya ulemavu, na asiyeona au mwenye uoni hafifu ametajwa wazi katika sheria ya usafiri ya mwaka 2000, pamoja na viziwi, wasioweza kusema, wenye shida kubwa ya kutembea na wengine. Hii ya pili kwenye mabasi haina saa: alfajiri, usiku wa manane, inafanya kazi. Anayestahili zote mbili anachukua hiyo. Shangazi akamuuliza, nami nikatafsiri, ikiwa kuna mtu wa kumwomba. Mama yule akasema hapana, unaleta cheti, na cheti kinatosha.

Nadhani jibu hilo ndilo lililomtoa moyoni kitu alichokuja nacho kutoka Tanga. Hakuna konda wa kumhurumia hapo, wala wa kumfokea. Fomu tuliijaza mezani kwa Shangazi, akasimamia kila mstari. Kadi mpya ilipokuja hakuiweka kabatini. Alinunua kile kifuko cha kuning'iniza shingoni, akaanza kutoka peke yake, akisikiliza sauti ndani ya basi inayotaja kila kituo. Miadi ya saa mbili akawa anakwenda bila kuniambia. Najua akiwa ameshafika.

Miezi michache baadaye nilimkuta kwenye simu na rafiki yake wa Leytonstone, mwanamke wa Mombasa waliyefagia naye zamani, naye macho yameanza kumsumbua. Shangazi alikuwa anamfundisha kwa ukali, kidole kinapiga meza.

"Wewe ukifika kwa daktari usimwambie unaona. Mwambie usichokiona. Halafu kwenye fomu uombe ile ya ulemavu, umenisikia? Ya wazee inalala mpaka saa tatu."