Resi juu, mwendo mdogo: nilivyoitibu skuta yangu

Kila asubuhi navuka na pantoni kutoka Kigamboni kwenda mjini. Ni pale Magogoni, kwenye mwinuko wa kutokea, katikati ya watu wenye mabeseni na ndoo, ndipo nilipojua kwamba skuta yangu inaumwa. Nilivuta mafuta kidogo tu, injini ikalia kama nimeshika hadi mwisho, na skuta yenyewe inatambaa. Watu waligeuka kunitazama.

Ni skuta kubwa yenye injini ya cc 250, otomatiki, niliyoinunua ikiwa imeshatumika Japani. Kwa wiki kadhaa nilijiambia ndivyo zilivyo, na kwa kiasi fulani ni kweli. Skuta hizi hazina gia za kubadilisha. Zina puli mbili na mkanda kati yake. Puli ya mbele, ile variata, ina rola ndani. Injini ikiongeza mizunguko, yaani resi, rola zinatupwa nje, zinaibana puli, mkanda unapanda juu, na mwendo unaongezeka bila injini kuhangaika zaidi. Kwa hiyo mshale wa mizunguko hupanda kwanza, ukatulia, kisha mwendo ndio unaofuata. Aliyezoea bodaboda ya gia anaweza kudhani klachi inateleza, kumbe ni tabia yake.

Yangu haikutulia. Zamani nikiwa kwenye kilomita 40 kwa saa mshale ulisimama 4,500. Sasa 40 hiyohiyo, barabara tambarare, uko karibu na 6,000. Na mafuta nayo: lita iliyokuwa ikinipeleka kilomita 28 ikawa inaishia 22.

Fundi wa kwanza alishusha sailensa, yaani mizunguko ya injini skuta ikiwa imesimama, na kubadilisha plagi. Kesho yake skuta ikawa inanizimikia kwenye foleni ya kivuko, na ikiondoka inalia vilevile. Wa pili hakufungua chochote. Alisema niweke rola nzito zaidi. Ushauri huo una mantiki, maana rola nzito hutoka nje mapema na mizunguko hushuka. Lakini skuta hii ilikuwa nzuri kwa rola za uzito wake. Kuongeza uzito kungeuficha ugonjwa, na mlimani ingekosa nguvu. Nilikataa, na hadi leo nashukuru.

Wa tatu ni kijana wa mtaani kwetu. Kabla ya kushika spana aliuliza: "Dada, inalia ukiondoka tu, au hata ukiwa unatembea?"

"Hata nikitembea, fundi."

"Basi tusianze na klachi."

Swali hilo ndilo lililofungua mambo yote. Kelele ikiwa ya kuondokea tu, kisha ikatulia, tazama klachi na springi zake. Ikibaki juu hata ukiwa kwenye mwendo uleule wa 30 au 40, tatizo liko kwenye mkanda na variata.

Tulifungua kava la kushoto, akachora mistari ya kalamu ya wino kwenye uso wa puli ya mbele, kutoka katikati hadi ukingoni. Tukafunga, nikazunguka nayo kama kilomita tano, tukafungua tena. Mkanda hufuta wino pale unapopita. Wino ulifutika hadi nusu tu. Nusu ya nje ilikuwa bado inang'aa. Yaani mkanda haukuwa unapanda hadi juu, na skuta ilikuwa inatembea kama gari lililokwama gia ya pili.

Variata ilipofunguliwa, unga mweusi wa mkanda ulinijaa kiganjani. Rola zote sita zilikuwa zimelika upande mmoja, bapa kama kisigino cha kandambili ya zamani. Rola ya namna hiyo haibingiriki, inaburuzika na kukwama. Kuna mtu aliwahi kupaka grisi ya kawaida mle ndani. Ilikuwa imeshika mchanga wetu wa Kigamboni ikawa kama msasa. Sponji ya kuchuja hewa ya upande wa mkanda ilikuwa imeoza, na huko ndiko mchanga ulikopitia. Kuhusu grisi, skuta nyingine hutaka rola kavu, nyingine hutaka grisi maalumu, kwa hiyo fuata kitabu cha skuta yako. Mkanda nao tuliupima upana: mpya ni milimita 23, kikomo ni 21, wangu 20.4. Mkanda mwembamba huzama ndani ya puli ya mbele, na hilo peke yake linapandisha resi.

Kariakoo nilikwenda na mkanda wa zamani kwenye mfuko. Duka la kwanza walinipa "unaofanana". Nililinganisha namba, hazikuwa sawa, nikaurudisha. Nilipata wenye namba yenyewe duka la nne, pamoja na rola za uzito uleule wa mwanzo.

Wakati wa kufunga nilisimama karibu, maana hapa ndipo skuta nyingi huharibikia. Kabla ya kukaza nati ya mbele, mkanda lazima usukumwe uzame ndani ya puli ya nyuma ili upande wa mbele ulegee. Usipofanya hivyo, nati inabana juu ya mkanda. Mkononi unahisi imekaza kumbe iko huru, na ukitembea kidogo meno ya krenki, shafti ya injini inayobeba puli hiyo, yanaliwa. Fundi aliuzamisha, akazungusha puli kwa mkono kuhakikisha, kisha akakaza kwa spana ya kupimia mkazo.

Tulichora wino tena. Safari hii ulifutika karibu hadi ukingoni. Kwenye 40 mshale unasimama 4,400, na lita imerudi kwenye kilomita 27. Sailensa tuliirudisha ilipokuwa. Ndani ya kava nimeandika kwa kalamu ileile: mkanda na rola, kilomita 41,300. Nikifika 50,000 nafungua kupima upana, hata kama hailii.