Baba, Naiona Taa

Jumapili tulichoma mbuzi kwa shemeji, Nkuhungu. Junior alipomaliza kuguguna kombe la mkono, ule mfupa bapa wa begani, akaliinua usawa wa taa ya kibarazani. "Baba, naiona taa!" Kweli, pale katikati mfupa ule ni mwembamba kama karatasi, mwanga unapenya. Nikajikuta nimejishika bega la kulia.

Niliwahi kupata ajali: pikipiki, mchanga, lori la zabibu, mimi mtaroni. Mbavu tatu na kombe la kulia vimevunjika, bomba kifuani, mkono kwenye kombeo. Nikaambiwa makombe mengi hupona hivyohivyo bila kisu, ila nirudi wiki ijayo kwa picha nyingine. Nilisikia nusu ya kwanza tu. Narudi wiki ya nne, mfupa umeanza kuunga kombo na bega limeshuka kama henga iliyopinda.

Ninachokumbuka hasa ni makapeni. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, shati mapajani, vumbi la Septemba linaingia dirishani, madaktari wawili nyuma yangu wakijadili wapasue wapi. Yule mzee akachora mstari mmoja mfupi, ulionyooka, karibu na kwapa. Wino wa baridi, nikasisimka. "Tupite hapa, kati ya misuli hii miwili. Hatung'oi kitu."

Kijana akaiomba kalamu. Akaanzia juu ya bega, akafuata tuta la mfupa hadi karibu na uti wa mgongo, akakata kona, akashuka chini. Polepole, kama fundi cherehani mwenye kitambaa cha mtu. "Ingekuwa wiki ya kwanza, sawa, bosi. Sasa pameshaunga. Tusipoufunua msuli wote hatutaona cha kunyoosha."

"Na mshipa wa fahamu?" mzee akauliza.

Kumbe upo unaopita shingoni mwa kombe kwenda kwenye msuli huohuo. Ukivutwa sana, mkono unagoma kugeuka nje. Kimya. Nje kuku analia. Kuku, hospitali!

Nikachomekea: kwa nini wasipitie mbele, nisilalie mbavu zangu?

"Mbele ni kwa aliyevunjika upande wa mbele," mzee akasema. "Skrubu zinashika kingoni, na kingo zako zinafikika huku. Leo wewe ni mgongo, bwana."

Wakafuata mstari wa kijana. Bega limekaa, mashati yananikaa. Lakini nikisukuma pazia kwenda kulia, mkono huchoka kabla pazia halijafika, na sijui nilaumu mshipa, ule mstari, au zile wiki nilizokuwa Hombolo nahesabu makreti ya zabibu mkono ukiwa kwenye kombeo.

Junior akataka kuona. Nikavua shati palepale, shemeji akacheka. Kidole cha Junior, kina mafuta ya mbuzi, kikafuata kovu hadi kwenye kona, kikasimama. Halafu akachora njia yake mwenyewe, fupi, imenyooka, karibu na kwapa.

"Si wangepita hapa tu?"

Nikamwambia ale, nyama inapoa.