Siku moja maishani mwangu: Kuingia ndani ya jengo kabla ya zege

Saa 1:00 asubuhi, baridi ya Mbeya ikiwa bado kali, niko ofisini Iyunga nikiandaa modeli ya kompyuta ya kituo cha afya cha ghorofa moja kinachojengwa Uyole, ili iweze kuonekana kwenye miwani ya uhalisia pepe, inayomfanya mvaaji aone kana kwamba yuko ndani ya jengo lenyewe. Kwanza naipunguzia modeli uzito, kwa sababu picha zikichelewa kufuata mwendo wa kichwa, aliyevaa miwani hushikwa na kichefuchefu.

Saa 3:00 nafika saiti na kutafuta kivuli. Lenzi zikielekezwa juani hukusanya miale na kuunguza skrini ya ndani, na jua la nyanda za juu ni kali hata siku za baridi.

Muuguzi anavaa miwani na kuketi mahali patakapowekwa meza yake, katika wodi ya juu ambayo bado haijajengwa. Anageuza shingo taratibu, kisha anainama kulia kama anayechungulia.

“Mhandisi, kitanda cha mwisho sikioni. Nguzo hii imenikinga.”

Kwenye ramani, nguzo ni mraba mdogo tu, na asiyezoea kusoma ramani hawezi kujua itamzuia kuona nini. Nguzo za chini zimeshasimama, kwa hiyo ya juu yake haihamishwi. Tunahamisha meza kwenye kompyuta, naye anavaa tena miwani mpaka anaridhika. Ndiyo maana naamini kwa dhati kwamba kifaa hiki kiwafikie watumiaji wa jengo na mafundi kwanza, kabla ya kutumika kumpendezesha mwenye mradi kwa picha nzuri.

Saa 5:00 fundi bomba anagundua kwamba bomba la majitaka la inchi 4 linakatiza boriti. Tundu likiachwa kabla ya kumwaga zege, mhandisi wa miundo akiridhia, hakuna hasara. Likisahauliwa, boriti itatinduliwa na huenda nondo zikakatwa.

Saa 8:00 ni zamu ya fundi mwashi mkongwe.

“Mwanangu, kichwa kinazunguka.”

“Pole, mzee. Vua kwanza, ukae.”

Macho yanasema mwili unatembea, ilhali sikio la ndani linasema umetulia. Anaporudia akiwa ameketi, akihama ndani ya modeli kwa kuruka kutoka sehemu hadi sehemu badala ya kuteleza, anamaliza ngazi zote bila shida.

Saa 11:00 natuma mapendekezo kwa msanifu na mhandisi wa miundo, kwa kuwa kinachofuatwa saiti ni mchoro uliosainiwa, wala si modeli. Boriti ile haitamwagwa zege mpaka majibu yao yafike.