Giaboksi ya drag, zile mbio fupi za magari za kunyooka, nimeifunga mwenyewe nyumbani

Jana usiku nimemaliza kufunga Turbo 400, ile otomatiki ya gia 3 ambayo General Motors waliitoa 1964 na mpaka leo watu wa drag wanaipenda, na kwa kweli kazi kubwa sio spana ni usafi, uzi mmoja tu wa kitambaa ukiingia kwenye valvu bodi, ile sehemu inayoelekeza oili ya kubadilisha gia, gia inagoma. Pleti za klachi nililoweka kwanza kwenye oili ya giaboksi, usifunge kavu zitaungua. Halafu nikapuliza upepo wa kompresa kwenye tundu la oili, pistoni ya klachi ikagonga tup! nikajua sili zimekaa, aisee raha yake! Ile konvata, inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa oili, nayo izungushe mpaka izame yote ndo ukaze bolti, ukilazimisha unavunja pampu.