Nilichaguliwa kiongozi wa wanafunzi nikaishia kwenye fomu: uzoefu wangu wa kuwasogeza wenzangu chuo huku Marekani

Niseme mapema mi sio kaunsela, yule mshauri wa wanafunzi shuleni, wala mwanasheria, nilikuwa mwanafunzi tu wa hai skuli. Familia yetu ilikuja huku kama wakimbizi tukitokea kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, na shule niliyosoma ilikuwa na wengi wa aina yetu, Wakongo, Warundi, Wasomali, wengine wametoka Amerika ya Kati, wote tumejazana kwenye korido moja ya madarasa ya Kiingereza cha wageni. Kura za korido ile ndo ziliniingiza baraza la wanafunzi. Na kazi za baraza, kwa asiyejua, ni kupanga dansi, kuchagua rangi ya fulana na kupanga wiki ya watu kuja shule na nguo za kulalia, yaani kikao kizima kinakaa kujadili nguo za kulalia. Mi nikawa najiuliza, hawa walionipigia kura wanapata nini hapo?

Kitu nilichokuwa nakiona ni hiki. Watu wa korido yetu walikuwa na maksi nzuri tu, wengine nzuri kuliko zangu, ukimuuliza anakwambia nataka nesi, nataka injinia, alafu ikifika mwezi wa nne wa mwaka wa mwisho anakwambia ameamua kufanya kazi kwanza. Hakuamua. Dedlaini zilimpita hajui kama zipo. Mtoto ambaye mama yake alisoma chuo huku anayasikia haya mambo mezani tangu yuko mdogo, hakuna siku anakaa akafundishwa, anayajua tu. Sisi mezani tunaongelea shifti za usiku na nani anabaki na watoto.

Programu za serikali za kusaidia watoto kama sisi kufika chuo zipo na ni za zamani, mojawapo Upward Bound ilianza 1964, na sheria yake inataka angalau theluthi mbili ya wanafunzi wake wawe wa kipato cha chini na pia wazazi wao hawana digrii ya kwanza. Ni programu nzuri sana, shida nafasi zake chache. Kwahiyo nilichoomba kwenye baraza hakikuwa pesa. Niliomba chumba cha kompyuta jioni mara moja kwa wiki, mwalimu mmoja wa kukaa humo ndani maana mkuu wa shule alisema bila mtu mzima haiwezekani, na ruhusa ya wazazi kuingia. Hiyo ya wazazi ndo ilibishaniwa zaidi, na ndo iliyofanya kitu kifanye kazi.

Kwanini wazazi, sababu ni FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu. Ni bure, kawaida inafunguliwa tarehe 1 Oktoba, na bila hiyo hupati Pell Grant, pesa za masomo kwa wenye kipato kidogo, ambayo mwaka wetu juu kabisa ilikuwa dola 7,395 na hairudishwi. Sasa watu wanadhani mwanafunzi anajaza anamaliza, hapana, kama bado unahesabiwa unawategemea wazazi basi mzazi naye lazima afungue akaunti yake mwenyewe, na imeili yake, akubali taarifa zake za kodi zichukuliwe, asaini. Chukua mzee anayefanya kazi usiku, simu moja anaichangia na mke wake, imeili alifunguliwa na mtu pasiwedi haikumbuki, kodi zake alijaziwa na mtu mwingine. Hapo kuna kazi ya jioni nzima kabla hujafika swali la kwanza.

Na mwaka wangu wa mwisho ndo ule ambao fomu ilibadilishwa yote, badala ya Oktoba ikafunguliwa mwisho wa Disemba 2023 tena kwa kuvuta vuta, na wazazi wasio na namba ya Social Security, ile namba ya serikali ya kazi na kodi, wakawa wamekwama mpaka miezi ikapita. Wenzetu kutoka Amerika ya Kati waliumia zaidi hapo. Mtoto kazaliwa huku ana haki zote, ila mama hawezi kufungua ukurasa. Tulichofanya ni kuandikia ofisi za misaada za vyuo moja moja kuuliza kama dedlaini imesogezwa, vingi vilikuwa vimesogeza ila lazima uulize, hawakufuati.

Ila kilichotula muda kuliko vyote ni majina na tarehe za kuzaliwa. Aliyepitia ukimbizi anajua ninachosema. Ukikaa na wenzetu ukauliza tarehe za kuzaliwa utadhani wote ni mapacha, 1 Januari, 1 Januari, 1 Januari, sababu kule hakukuwa na cheti na afisa akaandika hivyo. Hiyo haina neno, shida inakuja pale karatasi zinapogombana zenyewe kwa zenyewe, I-94, ile karatasi ya kuingilia nchini, ina jina limegeuzwa la ukoo limekaa mbele, kadi ya Social Security ina herufi moja imeruka, shuleni ameandikishwa kwa jina la ubatizo. FAFSA inalinganisha jina, tarehe na namba na kumbukumbu za Social Security, na zisipofanana inagoma. Kwahiyo sheria yetu ya kwanza ikawa njoo na kadi yenyewe, unaandika kama kadi ilivyoandika hata kama imekosea jina la babu yako, marekebisho yanafanyika ofisini kwao baadaye, ukishaanza kuandika jina sahihi kwenye fomu umejichelewesha mwenyewe.

Sheria ya pili, hatugusi kibodi na hatupigi picha karatasi ya mtu. Sisi ni watoto wenzao, kesho tumegombana itakuwaje na namba yake iko kwenye simu yangu? Anaandika mwenyewe, mi nakaa pembeni natafsiri na kuonyesha kwa kidole. Inachosha, hasa ukiona mtu anatafuta herufi moja dakika nzima, mikono inakuwasha, ila ndo hivyo. Na faida yake niliiona kwenye mtoto wa pili wa familia, yule mama aliyefungua akaunti kwa tabu mwaka wa kwanza, safari hii anakuja na kadaftari kake, pasiwedi imeandikwa, anawaelekeza na wengine.

Kuna dada mmoja alilelewa na mama yake mkubwa tangu utotoni, baba na mama walifariki kabla hawajafika huku. Alikuwa ameacha kabisa kujaza sababu mama mkubwa hakutaka kodi zake ziguswe, na mi namwelewa, mtu ameishi maisha ya kuogopa karatasi. Kwetu aliyekulea ndo mama yako, maliza. Ila fomu haihesabu hivyo, shangazi au mama mkubwa ambaye hakukuasili kisheria sio mzazi kwenye FAFSA, na ukiwa yatima wa wazazi wote wawili wakati wowote tangu utimize miaka 13 unahesabiwa unajitegemea, huhitaji saini ya mtu. Yeye walifariki ana 14. Ile fomu alimaliza mwenyewe jioni hiyo hiyo. Alikuja na mama mkubwa wiki iliyofuata, na bibi yule akaniambia "mwanangu, mbona hawakusema hivyo mwanzo?" Nikamjibu shikamoo mama, kwenye maelekezo imesemwa, ila mpaka uyafikie hayo maelekezo.

Na wakimbizi tunahesabika kwenye msaada wa serikali kuu, hata kabla ya grini kadi kutoka, I-94 yenye muhuri wa ukimbizi inatosha. Nimekutana na watu wazima, tena wenye vyeo, waliowaambia watoto wasubiri uraia kwanza. Uliza mara mbili.

Upande wa maombi yenyewe sikutarajia ugumu ungekuwa kwenye kile kipande cha shughuli. Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, inakupa nafasi 10 za shughuli ulizofanya nje ya darasa, kila moja maelezo herufi 150 tu. Watu wangu wanaacha wazi. "Sina klabu, sichezi mpira." Alafu ukimchimba unakuta kila siku anachukua wadogo zake watatu shule, anawapikia, anamkalimania bibi hospitalini, analipa bili za nyumba kwenye intaneti kwa jina la baba. Hiyo ni shughuli, fomu yenyewe ina aina ya majukumu ya familia unachagua. Tukawa tunafanya zoezi, mwenzako anakuuliza jana ulipotoka shule ulifanya nini mpaka ukalala, anaandika, alafu anakusomea. Watu walikuwa wanacheka kwanza alafu wananyamaza. Saa zinahesabika, mtu anajikuta ana masaa 20 kwa wiki hajawahi kuyaandika popote.

Esei nayo, isiyozidi maneno 650. Hapa nina maoni yangu na najua wengine hawakubali. Walimu wema walikuwa wanawasukuma watoto wote waandike vita na kambi, kila mtu esei yake ina risasi. Mi nikawa nawaambia andika kama unataka, ni maisha yako, ila sio deni. Baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuzuia vyuo kuzingatia rangi ya mtu wakati wa kuchagua wanafunzi mwezi wa sita 2023 bado mwombaji ameachiwa aeleze mwenyewe jinsi mambo hayo yalivyogusa maisha yake, kwahiyo presha ya kusimulia machungu ikaongezeka. Jamaa mmoja aliandika kuhusu kutengeneza baiskeli za mtaa mzima, hakuna mtu anayekufa ndani yake, na ndo esei bora niliyosoma mwaka ule. SAT, ule mtihani wa kuingilia chuo, sitaongea sana, vyuo vingi viliacha kuilazimisha tangu 2020, na mwenye kipato cha chini anafanya bure mpaka mara mbili, ada za maombi pia zinafutwa ukiomba, omba tu.

Sasa barua za msaada, zile chuo kinakutumia kuonyesha pesa za kulipia masomo. Aisee. Mtoto anakuja anaruka, chuo kimempa dola elfu thelathini! Tunakaa tunaisoma taratibu, tunatenga, hii hairudishwi, hii ni mkopo, hii ni kazi ya chuoni maana yake mpaka uifanye ndo ulipwe na haipunguzi bili ya mwanzo. Alafu unakuta theluthi ya zile pesa ni mkopo wa mzazi, umewekwa tu kwenye orodha kana kwamba ni zawadi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi anaweza kukopa serikali kuu mpaka dola 5,500, na ndani ya hizo zisizozidi 3,500 ndo serikali inambebea riba akiwa masomoni, kinachozidi hapo jiulize kimetoka wapi na nani atalipa. Tulikuwa tunaandika ubaoni namba moja tu, gharama ya mwaka toa zisizorudishwa, kinachobaki ndo bei yako. Chuo chenye jina kikawa kinashindwa na chuo cha jimbo karibu kila mara, na wengine tukawapeleka chuo cha jamii miaka miwili kisha wahamie, ila kabla ya kujiandikisha wapate kwa maandishi kozi zipi zitahamishika. Kuna watu walidhani hiyo ni kushuka hadhi. Waache wadhani.

Kitu kingine kilichonifanya nibadilishe mpango mzima ni kugundua mwaka wa mwisho ni kuchelewa. Madarasa ya Kiingereza yanakula ratiba, mtu anafika mwisho hana Algebra 2 wala kemia, na vyuo vya miaka minne vingi vinataka hesabu miaka mitatu au zaidi. Na aliyefika huku ana 17 akawekwa gredi ya 9, mwanzo wa hai skuli, anakimbizana na umri pia, majimbo mengi yanakukata ukifika 20 au 21. Kwahiyo msimu wa kuchagua masomo tukawa tunakaa na wa gredi ya 9 na ya 10, kila mkubwa na wadogo zake, tunaangalia karatasi ya krediti, yaani masomo aliyomaliza, mstari kwa mstari na kumpeleka kwa kaunsela kuomba apandishwe darasa la hesabu. Mtu anaweza kuwa Kiingereza chake bado na hesabu anaiweza vizuri kabisa, hivyo ni vitu viwili. Kwenye baraza waliniuliza hii inahusiana vipi na uongozi wa wanafunzi, nikawaambia mtu wa gredi ya 9 hatamsikiliza kaunsela kuhusu kemia, ila atamsikiliza aliyekaa naye basi moja.

Na kiangazi msikiache. Wapo wanaokubaliwa, wanapata msaada, sherehe inafanyika, alafu mwezi wa nane hawatokei chuoni. Kinachowaangusha ni vitu vidogo vya Juni na Julai, shule imefungwa na kaunsela yuko likizo, fomu ya chanjo, malipo ya kushikilia nafasi ambayo ungeomba yafutwe, bima ya afya ya chuo inayoingizwa kwenye bili usipoikataa wakati una ya kwako, barua za uhakiki wa kodi zilizotumwa kwenye imeili ambayo mtu haifungui tena. Tulifungua grupu la WhatsApp la kiangazi tu, kila Jumapili swali moja, umeingia kwenye imeili ya chuo wiki hii? Asiyejibu tunampigia, asipopokea tunampigia mama yake.

Saa hizi niko chuo na lile kundi linaendeshwa na madada wawili, mmoja nilimsindikiza mwenyewe kwa kaunsela kuomba kemia. Wamehamisha jioni zangu za Jumanne kwenda Jumamosi asubuhi sababu wazee wengi wanatoka shifti saa hiyo na wanapitiliza hapo kabla ya kulala, na wamepata mkalimani wa Kisomali ambaye mi nilimtafuta nikashindwa. Nabaki kwenye grupu la kiangazi. Wiki iliyopita nimepokea swali kama wazazi wanaoishi nyumba moja ila wanajaza kodi kila mtu kivyake mmoja akisaini inatosha. Haitoshi, wote wawili wanafungua akaunti, kwahiyo Jumamosi wanakuja wote na simu zao mbili.