Nilivyofanikiwa Kukitafsiri Kitenzi «Raise»

Nilipopewa kijitabu cha wafugaji wa kuku nikitafsiri kutoka Kiingereza, nilihofia majina ya magonjwa na chanjo, kumbe kitakachonisumbua ni kitenzi kifupi, «raise». Ukurasa mmoja kilihusu vifaranga, mwingine joto la banda, mbele zaidi mtaji wa kikundi na hoja za kikao, na katika utangulizi kilihusu watoto wanaosomeshwa kwa mapato ya mayai. Kamusi yangu ilianza na «inua», nami nikalitumia neno hilo karibu kila mahali, hata mhariri akanirudishia kazi nzima akiniuliza ni nani ainuaye kuku.

Niliamua kutafuta asili yake. «Raise» limetokana na «reisa» la Kinorsi cha kale, lugha ya Waskandinavia waliovamia Uingereza na kisha kufanya makazi kaskazini na mashariki mwake kuanzia karne ya 9. Waingereza tayari walikuwa na neno lao, «rǣran», ambalo leo ni «rear», na mawili hayo ni ndugu, kwa kuwa yote ni kauli ya kutendesha ya kitenzi kilekile cha kupanda juu, yaani «rise». («Rear» lenye maana ya nyuma halimo katika ukoo huo, chimbuko lake ni Kilatini.)

Kwa mtu aliyekulia katika «panda» na «pandisha», ugunduzi huo ulinifungulia njia. Niliacha kusaka neno moja la Kiswahili, nikawa najiuliza kwanza ni kitu gani kinachopanda, na kinapopanda chenyewe tunasemaje. Joto hupanda, kwa hiyo mfugaji hulipandisha. Hoja huibuka, kwa hiyo mjumbe huiibua. Wanachama huchanga, kwa hiyo mweka hazina huchangisha.

Kwa mtoto na kuku, hata hivyo, njia hiyo haikutosha. Wote wawili hukua, lakini mtoto tunamlea na kuku tunamfuga, na sikuwa tayari kuufuta mpaka huo, ambao naona ni utajiri mkubwa wa lugha yetu. Kwa Kiingereza, hasa cha Marekani, «raise» moja huwatosha wote.

Katika nakala iliyokubaliwa, «inua» limebaki mara moja tu, pale mfugaji anapoelekezwa kuinua vyombo vya maji kadiri vifaranga wanavyokua, ili wasivichafue kwa takataka za sakafuni.